Mtihani wa Windo Lililo Karibu na Mkono



Katika likizo yangu ya mwisho nyumbani nilijaliwa kufika Bugwema, katika wilaya ya Musoma, mkoani Mara. Baada ya sala ya Alasiri tuliketi chini ya mti, wazee kwa vijana, tukazungumza mambo ya dini. Mzee mmoja mwenye mvi akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Alisema: "Shehe, mwanangu huleta nyumbani nyama iliyokaushwa, ile inayoitwa kimoro. Hasemi ameipata wapi. Nikimkanya, hunijibu kwamba wanyama wa porini hawana mwenyewe ila Mwenyezi Mungu, na kwamba riziki ya Mungu haina mlango. Je, nyama hiyo ni halali kwangu?"

Kabla sijajibu, kijana mmoja mvuvi akaongeza la kwake: "Nasi wa ziwani, Shehe? Ziwa halina ukuta. Samaki mdogo nisipomvua mimi mchana, jirani yangu atamvua usiku. Nitakuwa nimepata faida gani?"

Niliwajibu kwa ufupi, kwa kuwa Magharibi ilikuwa imekaribia. Lakini tangu niliporudi ng'ambo, katika chuo ninakofundisha, maswali yale mawili hayakunitoka moyoni. Nimeona kwamba ni haki ya wale walioyauliza kupata jibu lililo kamili zaidi, na kwamba jibu hilo si la watu wa Bugwema peke yao.

Aya mbili: moja ya windo, moja ya samaki

Katika Sura Al-Maida, aya ya 95, Mwenyezi Mungu anawaarifu waaminio kwamba atawajaribu kwa jambo la windo, windo ambalo mikono yao na mikuki yao yaweza kulifikia, ili ajulikane ni nani amchaye Yeye kwa siri. Aya hii inawahusu kwanza wale waliovaa ihramu kwa ajili ya Hija, ambao wamekatazwa kuwinda wanyama wa bara. Lakini hekima yake ni pana kuliko safari ya Hija. Hebu tazameni jinsi mtihani wenyewe ulivyo. Mwenyezi Mungu hakuwajaribu waja Wake kwa mnyama aliye mbali, ambaye kumfuata ni taabu, bali kwa yule apitaye mbele ya hema. Hakuweka mlinzi wala uzio. Baina ya mkono wa mtu na windo aliweka amri Yake tu, ili ionekane kama amri hiyo inatosha kuuzuia mkono.

Aya ya pili imo katika Sura Al-Aaraf, aya ya 164 na zile zinazoifuata. Hapo tunasimuliwa habari za mji uliokuwa kando ya bahari, ambao watu wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato. Siku hiyo samaki walikuja juu ya maji kwa wingi. Siku nyingine hawakuonekana. Watu wa mji ule wakagawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza walivunja amri wakavua. Kundi la pili waliwakanya. Kundi la tatu hawakuvua wala hawakukanya, bali waliwauliza wale waliokanya: ya nini kuwaonya watu ambao Mungu atawaangamiza? Wakajibiwa kwamba tunafanya hivyo ili tuwe na udhuru mbele ya Mola wetu, na huenda wao nao wakamcha Mungu. Baadaye Kurani Tukufu inatueleza kwamba wale waliokanya uovu waliokolewa, na wale waliodhulumu wakashikwa na adhabu.

Kwa watu wa Mara, aya hizi si hadithi za kale. Upande wa mashariki wana pori la Serengeti, na upande wa magharibi wana Ziwa Viktoria. Windo liko upande huu na samaki yuko upande ule, na vyote viwili vi karibu na mkono. Basi mtihani uliotajwa katika Kitabu ndio huo huo walioulizia wale ndugu wawili chini ya mti.

Je, wanyama hawana mwenyewe?

Neno la kwanza tulipime hilo la kijana, kwamba wanyama wa porini hawana mwenyewe ila Mungu. Nusu yake ni kweli. Vyote vilivyomo mbinguni na ardhini ni mali ya Mwenyezi Mungu. Lakini mali ya Mwenyezi Mungu haiwi mali ya yule aliyewahi kuishika kwanza. Katika Sura Al-Ahzab, aya ya 73, imeelezwa kwamba mbingu na ardhi na milima vilikataa kuibeba amana, na mwanadamu ndiye aliyeibeba. Mtu aliyekabidhiwa amana hawezi kusema, "Kwa kuwa mwenyewe hayupo hapa, ni yangu." Huyo ndiye anayeitwa mhaini.

Tena sheria ya nchi inasema jambo lililo karibu sana na hilo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inaeleza kwamba wanyama wote wa porini nchini Tanzania ni mali ya umma, nao wamewekwa chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Basi mwenyewe yupo. Ni wananchi wote pamoja, wa leo na wale ambao bado hawajazaliwa. Anayemchukua nyumbu kwa siri amewachukulia watu ambao hawezi hata kuwaomba msamaha, kwa kuwa hawajui. Na Muislamu ameamriwa katika Sura An-Nisaa, aya ya 60, kumtii Mungu na Mtume na wenye mamlaka. Jumuiya yetu tangu mwanzo imefundishwa kuzishika sheria za nchi tunazokaa, si kwa kuogopa askari bali kwa kuwa ni sehemu ya dini.

Watu wa Mara wana sababu ya ziada ya kuifahamu amana hii. Mwezi wa Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, ulifanyika mkutano juu ya uhifadhi wa wanyama huko Arusha. Hapo Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika, alitoa tamko ambalo hata leo hukumbukwa kwa jina la mji ule. Alieleza kwamba kudumu kwa wanyamapori na mapori wanamokaa ni jambo zito kwa Waafrika wote, kwa kuwa wanyama hao si kitu cha kustaajabiwa tu, bali ni sehemu ya utajiri wa nchi na maisha ya baadaye ya watu wake. Akaahidi kwa niaba ya taifa kwamba yatafanywa yote yawezekanayo ili wajukuu wa watoto wao wapate kuurithi urithi huo. Basi ahadi ile ilitoka kinywani mwa jirani wa Bugwema. Na Kurani Tukufu inatufundisha kwamba ahadi itaulizwa.

Mizani aliyoiweka Mungu

Katika Sura Ar-Rahman, aya za 8 hadi 10, Mwenyezi Mungu ametaja kwamba ameinua mbingu na kuweka mizani, akatukataza kuipunja mizani hiyo. Wengi hudhani kwamba mizani hapa ni ile ya dukani tu. Historia ya Serengeti inatufunulia maana iliyo pana zaidi.

Mwishoni mwa karne ya 19 uliingia Afrika ya Mashariki ugonjwa wa sotoka. Uliwaua ng'ombe kwa wingi mno, na njaa kubwa ikawapata wafugaji. Lakini haukuishia kwenye mazizi. Uliwaua pia nyumbu na nyati wa porini, ukaendelea kuwapunguza miaka mingi. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ng'ombe wa maeneo yanayoizunguka Serengeti walichanjwa. Hakuna aliyewachanja nyumbu. Hata hivyo, ng'ombe walipopona, nyumbu nao walipona. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kiasi cha robo milioni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja. Nao walipoongezeka waliyala majani yaliyokuwa yakikauka na kuwaka, moto wa nyika ukapungua, na miti ikapata nafasi ya kuota tena. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetoweka duniani kote.

Hapana shaka katika habari hii mna ishara kwa wenye akili. Mfugaji alitibiwa ng'ombe wake, na Mwenyezi Mungu akamponya kwa njia hiyo nyumbu aliye porini, akalinda na mti. Sura Al-Anaam, aya ya 39, inasema kwamba hakuna mnyama atembeaye ardhini wala ndege arukaye kwa mbawa zake ila hao ni umati kama sisi. Jirani akiugua, nasi tu hatarini. Akipona, nasi tunapata nafuu.

Mizani ikiharibiwa, madhara nayo husafiri vivyo hivyo. Tazameni ziwa letu. Ziwa Viktoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, nalo ni la nchi tatu. Ndani yake Mungu aliumba aina mamia ya samaki wadogo tuwaitao furu, ambao wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara aliletwa kutoka maji mengine akatiwa humo. Katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafula, na wataalamu wanakadiria kwamba aina zipatazo 200 za furu zilitoweka au zikaadimika mno. Ngege, aliyekuwa samaki wa asili wa wazee wetu, amekuwa nadra. Kweli, sangara alileta viwanda na fedha za kigeni. Lakini yeye naye alivuliwa pasipo kiasi, akiwa mchanga, kwa makokoro na nyavu za macho madogo, na baadhi ya viwanda vya minofu vya Musoma vikafungwa kwa kukosa samaki. Mwanadamu aliipunja mizani mara mbili: kwanza kwa kutia kisichokuwamo, kisha kwa kutoa zaidi ya haki yake. Hii ndiyo tafsiri ya macho ya ile aya ya 42 ya Sura Ar-Rum, isemayo kwamba uharibifu umedhihiri barani na baharini kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono ya watu.

Jibu kwa mzee: nyama ya mtego

Sasa namrudia yule mzee. Mzee wangu, nyama ile ina kasoro mbili, na kila moja yatosha.

Kasoro ya kwanza imo katika namna mnyama alivyokufa. Watu wengi huwanasa wanyama kwa mitego ya nyaya. Kitanzi kikishamshika mnyama shingoni, kadiri anavyovuta ndivyo kinavyomkaza, mpaka afe. Aya ya 4 ya Sura Al-Maida imetaja kwa jina miongoni mwa vilivyoharimishwa mnyama aliyekufa kwa kunyongwa, isipokuwa yule aliyewahiwa kuchinjwa akiwa hai. Mwenye mtego hulala nyumbani kwake. Mara nyingi anapofika, mnyama amekwisha kufa, na pengine ameoza au ameliwa na fisi. Ni nani awezaye kuapa kwamba kimoro kilichomo kikapuni kilichinjwa kwa jina la Mungu? Tena mtego hauna macho. Humshika nyumbu mwenye mimba, twiga, simba, hata ndama wa tembo aliyepita njia. Mtume Mtukufu s.a.w. alimkuta ndege akirukaruka kwa uchungu kwa sababu masahaba walikuwa wamechukua makinda yake. Akauliza ni nani aliyemtia huzuni kwa ajili ya wanawe, akaamuru warudishwe. Kama huzuni ya ndege mmoja ilimgusa Mtume s.a.w., itakuwaje mateso ya mnyama anayekatwa na waya usiku kucha?

Kasoro ya pili ni kwamba kilichochukuliwa kwa hiana hakitakasiki kwa kukaushwa juani wala kwa kupikwa na mtu mwema. Aliyeiba ni kijana, lakini anayekula huku akikataa kuuliza amemsaidia. Mzee wangu, ulisema kwamba mwanao hasemi ameipata wapi. Mtu husema kwa furaha mahali alipoipata riziki yake ya halali. Kule kunyamaza kwake kumekwisha kukujibu swali lako.

Wala Uislamu haukukataza kuwinda. Mwindaji mwenye kibali, anayelitaja jina la Mwenyezi Mungu anapoipiga silaha yake, windo lake ni halali. Serikali nayo mwaka 2020 iliweka kanuni za mabucha ya nyamapori, ili mwananchi anayeitamani nyama hiyo aipate kwa njia ya wazi. Lakini hata lililo halali lina adabu yake. Hadhrat Khalifatul Masih wa Pili r.a. amesimulia kwamba alipokuwa mtoto alimleta nyumbani kasuku aliyemwinda. Baba yake, Masihi Aliyeahidiwa a.s., alimwambia kwamba nyama yake si haramu, lakini Mwenyezi Mungu hakuwaumba wanyama wote kwa ajili ya kuliwa. Wengine amewaumba wazuri ili macho yafurahi kwa kuwatazama, na wengine amewapa sauti nzuri ili masikio yafurahi kwa kuwasikia. Basi huyo ni baba aliyemlea mwanawe asiulize "Je, inalika?" tu, bali aulize pia "Mungu amekiumba kwa ajili gani?"

Jibu kwa mvuvi: jirani atavua usiku

Nawe kijana wangu mvuvi, swali lako Mtume Mtukufu s.a.w. amekwisha lijibu kwa mfano wa watu waliopanda jahazi. Baadhi yao walikaa juu na baadhi chini. Wa chini walipotaka maji iliwabidi wapite kwa wa juu. Wakasema, afadhali tutoboe tundu katika sehemu yetu, tusiwasumbue wenzetu. Akasema Mtume s.a.w. kwamba wakiachwa watoboe, wote wataangamia, na wakizuiwa, wote wataokoka.

Ziwa ni jahazi hilo. Kenya, Uganda na Tanzania zilifahamu jambo hilo zilipounda mwaka 1994 Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lenye makao yake Jinja, ili kanuni za nchi tatu zipatane. Mto Mara nao ni jahazi hilo hilo. Unaanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, unapita kati ya wanyama wa Maasai Mara na Serengeti, kisha unaenea katika vinamasi kabla ya kuingia ziwani karibu na Musoma. Anayekata mti Mau anamkatia maji mkulima wa Butiama ambaye hajamwona. Kwa ajili hiyo, tangu mwaka 2012, tarehe 15 Septemba ya kila mwaka nchi hizi mbili huadhimisha Siku ya Mara. Na huko magharibi, nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zilikubaliana kulipumzisha ziwa, na kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ukasimamishwa. Hiyo ilikuwa kama Sabato ya samaki katika zama zetu, na kila mvuvi wa huko alijua moyoni mwake yumo katika kundi gani kati ya yale matatu.

Unasema kwamba jirani atavua usiku. Huenda. Lakini siku ya Kiyama hutaulizwa juu ya wavu wa jirani kabla ya wako. Na juu ya wavu wa jirani utaulizwa kama ulimkanya. Vipo vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi katika mialo yetu, vile viitwavyo BMU. Ingia humo. Usiwe miongoni mwa wale wa kundi la tatu waliosema, "Ya nini kuwaonya?"

Haki ya wale waishio jirani na hifadhi

Ndugu wasomaji, nisingekuwa mwadilifu kama ningewahubiria maskini subira nikanyamaza juu ya haki zao. Katika vijiji vya Bunda vilivyo mpakani mwa hifadhi, tembo huingia usiku mmoja wakala mtama na mahindi ya mwaka mzima. Ziwani kiboko huharibu bustani, na mamba huchukua watu. Mama aliyelala shambani akipiga debe ili kuwafukuza tembo, kisha asubuhi akakuta shamba limekuwa tambarare, hawezi kushibishwa kwa sifa za watalii.

Uislamu una fundisho hapa pia. Mtume Mtukufu s.a.w. aliufanya mji wa Madina kuwa hifadhi, miti yake isikatwe na windo lake lisiwindwe. Masahaba zake waliendelea kutenga malisho kwa manufaa ya umma. Hadhrat Umar r.a., alipomweka mtu kuwa msimamizi wa malisho yaliyohifadhiwa, alimwusia ajihadhari na dua ya aliyedhulumiwa, na awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache. Ama matajiri, akawataja kwa majina Ibn Auf na Ibn Affan, wanyama wao wasiingizwe, kwa kuwa matajiri wakipotewa na mifugo wana mashamba na mitende ya kurudia, lakini maskini akipotewa na wanyama wake atakuja na watoto wake mlangoni pa Khalifa. Huo ndio uhifadhi wa Kiislamu: hifadhi inalindwa, na maskini anatazamwa kwanza.

Katika nchi yetu liko jambo linaloelekea huko. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka malipo ya kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa. Katika wilaya ya Serengeti, vijiji vitano vimeungana katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona, ili mapato ya wanyama yawafikie wenyeji. Tangu mwaka 2017 vikosi vya kuondoa mitego vimekuwa vikitembea kwa miguu Serengeti, na miongoni mwa watu wake wamo waliokuwa zamani wawindaji haramu. Mkono uliotega ndio unaotegua. Hiyo ni toba yenye vitendo. Wenye mamlaka nao wakumbuke kwamba malipo yanayochelewa, na askari anayepiga kabla ya kuuliza, huwaongezea majangili marafiki. Wosia wa Hadhrat Umar r.a. wawahusu wao.

Lakini dhuluma ya mwingine haihalalishi hiana yangu. Aliyeliwa mahindi na tembo ana dai, na dai hudaiwa mchana, mbele ya watu. Waya hutegwa usiku. Tofauti ya mambo haya mawili kila moyo unaijua.

Mlinzi aliye ndani

Natamani nimalizie kwa jambo ambalo mimi mwenyewe limenitia hofu. Wazee wa Mara walikuwa na misitu wasiyoikata. Huko Butiama msitu wa Muhunda unajulikana hata leo. Watu waliuheshimu kwa sababu waliamini kwamba una mzimu wake. Sisi tulikuja na ujumbe wa Tauhidi, tukawaambia watu: msiuogope mzimu, hana uwezo wa kudhuru wala kunufaisha. Ujumbe huo ni wa kweli, wala hatuwezi kuupunguza. Lakini kama tumewaondolea watu hofu ya mzimu, kisha hatukutia mahali pake uchaji wa Mwenyezi Mungu, tumemwondoa mlinzi pasipo kuweka mwingine. Mtu wa namna hiyo hamwogopi mzimu wala hamchi Mungu. Humwogopa askari tu, na askari hawezi kuwa kila mahali. Serengeti ina eneo la kilometa za mraba 14,763. Hakuna serikali iwezayo kuweka mlinzi chini ya kila mti. Ila Mwenyezi Mungu yupo chini ya kila mti, naye ametuambia kwamba atatujaribu ili ajulikane amchaye kwa siri.

Sisi Waahmadiyya tuna deni zaidi. Katika sharti la nne la baiati, tunaahidi kwamba hatutawaudhi viumbe wa Mwenyezi Mungu kwa ujumla, wala Waislamu hasa, kwa mkono au ulimi au kwa njia nyingine yoyote. Na katika sharti la tisa tunaahidi kujishughulisha na huruma kwa viumbe Wake kwa ajili Yake. Nawaomba ndugu zangu walio Mara wazifikirie ahadi hizo pamoja na kazi zao. Asiye na mtego nyumbani kwake amshukuru Mungu, na aliye nao autoe autupe, hata kama hakuna aliyemwona akiununua. Mvuvi apime macho ya wavu wake kabla ya kuomba baraka. Mkulima asilime hadi ukingoni mwa maji, aache majani yaushike udongo. Anayechoma mkaa apande, kwa maana Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha kwamba mtu apandaye mti, akala kwake mwanadamu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka; na kwamba hata kama Kiyama chaja na mkononi mwa mtu mna mche, aupande kama aweza. Vijana wa Khuddam na akina mama wa Lajna waanze katika viwanja vya misikiti yao.

Mzee wangu wa Bugwema, natumaini gazeti hili litakufikia. Mwite mwanao, usimwite kwa ukali. Mwambie kwamba riziki ya Mungu kweli haina mlango, lakini ina Mwenyewe, naye anatazama. Muulize akusaidie kufuga mbuzi wawili au mizinga ya nyuki, ambayo tembo nao huiogopa. Mkiila asali hiyo pamoja, hutakuwa na haja ya kumwuliza Shehe yeyote kama ni halali.

Mwenyezi Mungu atujalie tumche Yeye kwa siri kama tunavyomcha mbele ya watu, atufanye wadhamini waaminifu wa amana Yake barani na majini, na awajalie watoto wetu waione nchi hii ikiwa na uzima kama tulivyoikuta, na zaidi. Amin.